Maman Conseil, nyuma ya pazia

Nitaanza na mema yake, maana ni mengi, na sitaki mtu aseme nimekuja hapa kumchafua tu. Mimi ni muuza sambaza, wale dagaa wa Kivu, hapa Kamembe. Kwa miaka mingi nilimwamini mwanamke huyu kuliko nilivyomwamini padri wangu. Nilimkabidhi siri moja, siri ya binti yangu, ambayo mume wangu alikufa nayo, na yeye akaenda kuimwaga mbele ya mtu mmoja tu duniani ambaye hakupaswa kuisikia. Bado nina hasira. Nikianika samaki nina hasira, nikiwa kanisani nina hasira. Lakini mema yake nitayasema.

Jina lake silitaji. Hata ningelitaja, wengi wasingejua namsema nani, kwa sababu kliniki nzima, kuanzia Docteur mpaka mama wa kudeki, ilimwita Maman Conseil.

Kliniki yenyewe ni ya mtu binafsi, iko juu kwenye mteremko, na ukikaa kwenye benchi la nje unaona maji ya Kivu na nyumba za Bukavu ng'ambo. Docteur amekulia Bukavu kama mimi, ni mmoja wetu sisi tuliorudi Rwanda. Alichoka kuona watu walewale wakirudi na maumivu yaleyale. Kichwa, tumbo, moyo kudunda. Anawapima, haoni kitu, anawapa vidonge, na baada ya siku chache wako tena kwenye benchi. Siku moja akamuuliza mzee mmoja, "Papa, nyumbani kunaendaje?" Mzee akalia mpaka foleni ikaanza kunung'unika nje. Basi Docteur akatoa makatoni ya serum za dripu kwenye kile chumba kidogo cha pembeni, akaweka viti viwili vya plastiki, akamleta huyu mama. Kazi yake ilikuwa kusikiliza zile shida ambazo farmasi haina dawa yake, na kumwonyesha mtu mahali pa kuanzia. Docteur alipomaliza kukupima alivua miwani, akasema, "Sasa upitie kwa Maman." Ukishaambiwa hivyo ulijua ugonjwa wako ni wa aina gani.

Chumba hakikuwa na mlango. Kulikuwa na pazia la kitenge cha kijani, limefungwa kwa misumari miwili, na upepo ukivuma lilikuwa linakugusa magoti. Viti aliviweka upande mmoja, bega kwa bega, mnatazama ukuta pamoja. Mara ya kwanza nilivuta changu ili tutazamane, akanishika mkono.

"Acha, maman. Mwenye anakukalia mbele ni polisi. Miye siko polisi."

Hakuandika chochote. Wauguzi walikuwa na mafaili yao, yeye hata kalamu hakuwa nayo. Wala hakuuliza jina la mtu. Jina libaki kwa Docteur, alisema, huku kwangu tunaleta shida peke yake. Alikuita kwa kitu unachouza au kilima unachotoka: Papa Gitambi, Maman Makala muuza makaa, Madame Lunettes muuza miwani. Mimi nilikuwa Maman Sambaza. Sisi tuliona hiyo ndiyo heshima yenyewe. Katika mji ambao ukipiga chafya Kamembe watu wanakuambia pole mpaka darajani Rusizi II, kule mpakani na Kongo, kupata mahali ambapo mtu hajui hata jina lako, ni nani asingependa?

Alikuwa mnene, mwenye vifundo vya miguu vilivyovimba, na kitu cha kwanza alichofanya ukiingia ni kuvua viatu. Halafu anasema "Bon." Hiyo "Bon" yake ilikuwa ndefu, inatoka tumboni. Na baada ya hapo, "Bon, tuanze na yenye haiume." Ukija na habari ya mume anayepiga, anakuuliza kwanza batoto wanasoma wapi, mnapika kwa makaa au kwa kuni, nyumba inavuja upande gani. Unajibu, unajibu, na unashtuka umeshafika kwenye yenyewe bila kusukumwa.

Kuna mama mmoja aliyefukuzwa na mume wake, akawa hawezi kutibiwa kwa sababu kadi ya mutuelle, ile bima yetu ya matibabu, ilikuwa imeandikwa kwa kaya ya yule mwanaume. Kila alipokwenda ofisi ya sekta, ile ya serikali ya mtaa, alikuwa anaanza kulia kabla hajafungua mdomo, na wale vijana wa pale, ambao si wabaya, walimwambia arudi kesho akiwa ametulia. Maman Conseil akamfanyia mazoezi. Yeye mwenyewe akawa ofisa. Akashusha miwani mpaka puani, akakunja uso, akasema kwa Kinyarwanda cha ofisini, "Nagufasha iki?" yaani nikusaidie nini, na mama wa watu akaangua kilio hapohapo.

"Hapana! Sema shida kwanza, kulia baadaye. Toka, uingie tena."

Alitoka akaingia tena mpaka watu wa kwenye benchi tukawa tunacheka waziwazi, na mwishowe mama mwenyewe akacheka. Kesho yake alikwenda sekta akasema maneno yake yote kwa mstari ulionyooka, wakamwandikia kaya yake mwenyewe. Alilia alipofika nje ya geti, tena alilia vizuri.

Na Papa Gitambi je? Yule mzee alikuwa anakuja kila mara na kizunguzungu. Docteur alimpima damu, alimpima sukari, akampa vitamini. Maman Conseil akamuuliza jana alikula nini. Mzee akatazama ukuta. Tangu mke wake afe alikuwa anakula ndizi na parachichi tu, kwa sababu hajawahi kuwasha moto wa kupikia maishani mwake, na aliona aibu kumwomba jirani. Jumamosi Maman Conseil akapanda moto, zile pikipiki za abiria, mpaka Gitambi na fungu la mboga za lengalenga mapajani. Akamsimamia jikoni kama mkwe mkali. "Mafuta kwanza, Papa. Kitunguu. Kisha njo lengalenga. Siyo maji kwanza, ayi, Papa, siyo maji!" Baada ya muda mzee alikuja kliniki si kwa kuumwa, alileta maharage aliyoyapika mwenyewe kwenye kopo la siagi, akatuonjesha wote pale benchini. Yalikuwa na chumvi ya kuua ng'ombe, na tuliyala yote.

Hayo ndiyo mema. Nimeyasema.

Kasoro zake pia tulizijua na tulizipenda. Aliwahubiria watu wa presha wanywe maji, yeye alikunywa Fanta asubuhi mpaka jioni na kuficha chupa nyuma ya pazia Docteur akipita. Alipatanisha majirani wa nusu ya Kamembe, na yeye na jirani yake walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya kuku aliyekufa zamani. Alichukia umbea. Wanawake wakianza kuteta kwenye benchi alikuwa anatoa kichwa kwenye pazia: "Eh! Hapa siyo soko!" Walinyamaza palepale.

Ila alikuwa na namna yake moja, na nataka uielewe vizuri kwa sababu ndiyo iliyonimaliza. Hakutoa ushauri. Jina lake lilikuwa ushauri, na ushauri hakutoa. Ukimaliza kumwaga yako alianza, "Kuko maman mumoja." Au kuko papa mumoja, kuko kijana mumoja. Na anakusimulia mtu mwingine mwenye shida kama yako, alifanya nini, ikaishaje. Hakutaja jina, maana jina hakuwa nalo. Alibadilisha kidogo huku na kule. Wewe unasikiliza, na unapotoka pale hauko peke yako tena. Tulipenda hadithi zile. Wengine walikuja wazima kabisa, wanajifanya mgongo unauma, ili wasikie moja. Na sikumbuki hata mmoja wetu, wapumbavu sisi, aliyejiuliza: na yangu mimi inakwenda kwa nani?

Siri yangu sasa.

Neema si mtoto niliyemzaa. Aliyemzaa ni mdogo wangu, kwetu Bukavu, akafa hata kabla maziwa hayajashuka. Baba wa mtoto hakujitokeza. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni, mimba hazishiki, na hazikushika mpaka leo. Tulikuwa tumeshafunga mizigo kurudi Rwanda, basi nikambeba mtoto, na aliyejua ni mume wangu na shangazi yangu mmoja aliyebaki kule Kadutu. Tulivuka darajani mvua inanyesha. Mtoto analia mpaka sauti inakauka. Askari mmoja wa mpakani akauliza mbona simnyonyeshi. Nikaogopa. Nikatoa titi langu lisilo na kitu nikamtia mdomoni, naye akalishika, akavuta, akavuta, akalala kwa uchovu. Yule askari alipoona tunavyolowa alivua koti lake la mvua akatufunika, na tulipotaka kumrudishia akakataa.

Koti hilo Neema amelilalia utoto wake wote. Ndiyo ilikuwa hadithi aliyoitaka kila siku: "Mama, nielezee ya askari na koti." Nilimwelezea mvua, daraja, koti. Titi kavu sikulitaja. Nilisema tu, ulinyonya ukalala.

Kwetu mwanamke anaitwa kwa mtoto wake. Sokoni mimi ni Mama Neema, kanisani ni Mama Neema, mume wangu alipokufa walinipa pole kama Mama Neema. Alipoanza kuwa msichana akaanza kuuliza anafanana na nani, tension yangu, yaani presha, ikapanda, na Docteur akavua miwani.

Nilimwambia Maman Conseil yote, hata titi. Ndiye mtu wa kwanza kumwambia kwa mdomo wangu. Nilimwambia sijui niseme au ninyamaze. Alikuwa amevua viatu, magoti yetu yanagusana.

"Bon. Kuko maman mumoja kule Nyakarenzo. Naye alilea mtoto ya mudogo wake. Siku moja akaona heri aseme. Akamukalisha, akamwelezea yote. Mtoto akasikia muzuri, akakula, akalala. Asubuhi akabeba sanduku yake, akaenda. Mpaka leo hata salamu hatumi. Yule maman eko analima peke yake."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Miye sikusema unyamaze. Nakuambia yenye niliona na macho yangu." Lakini mkono wake ulinibana wangu wakati anasema. "Enda ulale, Maman Sambaza. Umechoka."

Nililala. Usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa miezi. Na nikanyamaza, mwaka huu, mwaka ujao, mwaka mwingine. Kila nilipotaka kusema, nilimkumbuka yule mama wa Nyakarenzo na jembe lake. Nilimpenda yule mama. Wanawake wa Nyakarenzo walipoleta viazi vitamu sokoni nilikuwa nawatazama usoni, najiuliza ni yupi. Nilimwombea misa. Kweli kabisa, nilimwendea padri nikasema, ni kwa ajili ya mama mmoja aliyeachwa na mtoto, jina Mungu analijua.

Neema akasoma bweni, akarudi, akaolewa hapa Kamembe na kijana ambaye ndugu zake wanauza vitenge Bukavu. Akapata mimba, na mimba ikamletea hofu. Alikuwa anakaa anatazama mikono yake. Mama, nikikosa maziwa? Mama, nisipompenda? Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Nenda kwa Docteur, halafu upitie kwa Maman Conseil. Ni mtu mzuri."

Alirudi mchana. Nilikuwa uani naanika. Hakunisalimia. Akasimama karibu na kichanja, akashika sambaza mmoja mkavu, akamvunja katikati.

"Mama, koti ya askari iko wapi?"

"Iko kwa sanduku. Unaitakia nini?"

"Siku ile darajani ulikuwa na maziwa?"

Nikasema, "Nani amekuambia?" Jamani, ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kucheka. Nilisema nani amekuambia, na hapo alishajua.

Akanieleza kwa sauti ya chini, akitazama samaki. Yule mama wa kliniki alimkalisha, alimpangusa machozi, akamwambia maziwa si kitu. "Akasema kuko maman mumoja wa Bugarama, anauza makala. Hakuzaa. Alivuka mpaka na mtoto ya mudogo wake, akamunyonyesha titi yenye haina kitu, na askari akamuvulia koti. Akasema ule mama ni mama kuliko bamama bote yenye anajua. Na mtoto hajui mpaka leo, na anamupenda." Akavunja samaki mwingine. "Alikuwa anakusifu, Mama. Alikusifu sana."

Nilianza kueleza. Nilisema mdogo wangu, nilisema Bukavu, nilisema nilikupenda, nilisema vyote kwa fujo, kwa mpangilio mbaya kabisa. Alisikiliza. Sikupata kosa katika kusikiliza kwake. Halafu akaniuliza kama kuna mtu mwingine anayejua, nikamtaja shangazi wa Kadutu na huyo wa kliniki.

"Kwa hiyo ulimwambia maman wa kliniki, na miye hukuniambia."

Alipokaribia kujifungua alihamia kwa wakwe zake, Bukavu. Simu zangu hapokei. Kwamba amejifungua mtoto wa kike, nilielezwa na mteja wangu mmoja, ananunua sambaza huku anasema, "Hongera, bibi!" na mimi nikaitikia asante kama mtu aliyekuwa anajua. Unajua ni aibu gani hiyo? Nikampimia na nyongeza juu.

Nilikwenda kliniki nikiwa nimejiandaa kumtukana. Benchi lilikuwa limejaa, na yeye akatoa kichwa kwenye pazia, uso wote ukafunguka. "Maman Sambaza! Umenitupa kabisa!" Hakujua kitu. Alikuwa amemsimulia binti yangu mimi, na hakujua, kwa sababu hakuuliza jina. Nilitaka kusema, na ulimi ukakataa mbele ya watu wale. Nikamwambia Docteur badala yake. Docteur alisikitika, alisikitika kweli, akasema atazungumza naye. Sijui kama alizungumza. Miguu yake ilipomshinda aliacha kazi mwenyewe, wakamfanyia sherehe na keki, akaenda kuishi kwa ndugu yake kule Gitambi. Chumbani sasa wameweka mashine ya echographie, ya kutazama watoto tumboni.

Nilimfuata huko huko. Nilipanda moto, nikauliza njia, nikamkuta amekaa kwenye mkeka kibarazani, miguu ameinyoosha, anachambua maharage. Amekonda. Alinitambua kabla sijavua kofia.

"Maman Sambaza! Mawee, umezeeka."

"Na wewe pia, Maman."

Akasogea anipe nafasi pembeni yake. Sikukaa pale. Nikageuza ndoo, nikakaa mbele yake, uso kwa uso.

"Eh," akasema. "Leo umekuja polisi."

Nikamwambia. Safari hii nilikuwa na mpangilio, kama alivyomfundisha yule mama wa mutuelle. Shida kwanza. Mikono yake ikasimama juu ya maharage.

"Ule msichana wa mimba? Mwenye alikuwa analia juu ya maziwa?"

"Yule ni Neema."

"Sikumuuliza jina."

"Najua. Hukuuliza mtu jina kamwe."

"Lakini nilibadilisha. Nilisema makala. Nilisema Bugarama."

"Na koti ukaliacha."

Akatazama chini. "Ile ya koti ilikuwa nzuri," akasema. "Kila muntu yenye nilimwelezea ile ya koti alitoka hapo na moyo."

Kila muntu. Nikakaa nalifikiria neno hilo. Ina maana nusu ya wanawake wa wilaya hii wamelijua titi langu, wamelihurumia, wameenda nalo nyumbani. Mimi nilikuwa nawapimia samaki na sijui.

Nilitaka kuondoka. Nilichotaka kuondoka nacho ni kimoja tu: anielekeze kwa yule mama wa Nyakarenzo. Nilisema, sasa tuko sawa mimi na yeye, walau nikamwone, tukae wawili. Maman Conseil akaniuliza, "Maman gani wa Nyakarenzo?"

Nikamkumbusha. Mtoto aliyebeba sanduku. Jembe. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nikaona uso wake unavyobadilika, nikajua kabla hajasema.

"Hakukuwa naye," akasema polepole. "Tension yako ilikuwa ya kuanguka siku ile. Ulikuja unataka kusikia 'nyamaza'. Nilitaka ulale, Maman Sambaza."

"Ulisema uliona na macho yako!"

"Niliona weye."

"Na wale wengine wote?"

"Bamoja balikuwa ba kweli. Bengine nilibamalizia habari miye mwenyewe. Bantu hawarudi, maman. Wakipona hawarudi kunielezea mwisho. Nitafanya nini?"

Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga. Mwanamke mzee, mgonjwa wa miguu, na mkono wangu ulinyanyuka kabisa. Nilimwombea misa mtu ambaye hayupo! Neema wa miaka ile angelia, tungelia sote wawili kitandani chini ya lile koti, angekasirika wiki moja, mwezi, angezoea. Alikuwa bado mtoto, alikuwa bado wangu, hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Nilimnyima hiyo kwa sababu ya jembe la kutungwa. Nikamwambia hivyo, kwa sauti, mpaka ndugu yake akatoka ndani kutazama. Maman Conseil hakujitetea. Alilia kidogo, akafuta uso na kitenge, halafu, na hapa ndipo nilipomjua vizuri kuliko miaka yote ile, akasema, "Bon."

"Bon nini?"

"Unipe namba ya huyu mtoto. Nitamwambia ile habari niliitunga. Nitamwambia weye ulinielezea ya koti, na ile ya titi nikaongeza yangu, juu ya kumupa moyo. Na weye, alipokuuliza, ulikubali tu kwa kuogopa. Ataniamini. Miye bantu bote bananiaminiaka."

Nilipaswa kusema hapana. Nimelifikiria mara nyingi, najua kabisa nilipaswa kusema nini. Mwanamke aliyeniharibia nyumba kwa uongo ananiletea uongo mwingine, na mimi nimetoka tu kumfokea. Lakini nilimwona Neema akirudi. Nilimwona anaingia uani na mtoto mgongoni, ananiita kama zamani. Nikamtajia namba, tarakimu moja moja, na yeye akabonyeza kwa kidole gumba, na kwa kuwa masikio yake hayasikii vizuri akaweka sauti kubwa.

Neema alipokea. Kwangu hapokei, kwa namba asiyoijua alipokea.

"Allô, mtoto yangu. Ni Maman Conseil wa kliniki. Unanikumbuka?"

"Ndiyo, Maman. Pole na miguu."

"Ile habari nilikuelezea siku ile, ya mama na koti. Nisamehe. Niliitunga. Ile ya titi haikuwa ya kweli. Mama yako..."

"Maman." Hakupandisha sauti. Nyuma yake nilisikia mtoto anagonga kitu, kijiko labda, juu ya meza. "Asante, lakini usijichokeshe. Nilienda Kadutu kwa ule bibi. Alinielezea yote, akanipeleka kwa kaburi. Nilifagia, nikaweka maua."

Maman Conseil alinitazama. Mimi nilikuwa natazama simu.

"Uko naye hapo?" Neema akauliza. Hakungoja jibu. "Kama eko hapo, mumusalimie Mama Mukubwa. Mumwambie mtoto ameanza kutambaa."

Kisha akakata.

Mama Mukubwa. Ni neno zuri. Kila mtoto wa Bukavu anamwita hivyo dada mkubwa wa mama yake, nami nilikuwa na wangu nikampenda sana. Neema hakunitukana. Wala hakukosea.

Maman Conseil akaweka simu juu ya maharage. Akanigeukia, akavuta pumzi, na mdomo ukaanza kufunguka kwa namna ile ninayoijua.

"Nyamaza, Maman," nikamwambia.

Akanyamaza. Tukabaki hapo, yeye mkekani na mimi kwenye ndoo, mpaka ndugu yake alipokuja kuuliza kama mgeni atakunywa chai.